Kulinda Usingizi wa Baba

Jumatano ya kwanza baada ya Pasaka ya mwaka huu, saa nane mchana, tulimzika baba yangu kwetu Kilema, juu mlimani. Alikuwa mzee, aliugua kwa siku chache tu, na sina mtu wa kumlaumu. Kabla hajatolewa ndani, wanawake walikuwa wamefunika madirisha ya chumba chake kwa vitenge ili jua lisiingie. Nilitoka jikoni kwenda kumwangalia, na nilipofika mlangoni nikajikuta nimevua viatu, nimevishika mkononi, natembea kwa ncha za vidole. Shangazi akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia nimezoea. Hakuelewa, na kazi zilikuwa nyingi, kwa hiyo hakuuliza tena.

Nyinyi mliokuwa watoto wakati ule wa foleni za sabuni na unga wa njano mtanielewa upesi zaidi. Sikusoma sana, niliishia darasa la saba, na sijawahi kuandika kitu kirefu kuliko barua. Lakini tangu siku ile ya maziko, kila nikikaa peke yangu mchana nasikia jinsi nyumba inavyokuwa kimya, na nakumbuka mwaka niliokuwa na kazi ya kulinda usingizi wa baba.

Nililelewa na bibi, mama yake baba, mpaka nilipofika miaka saba. Nilipewa jina lake, kama ilivyo kwetu kwa binti wa kwanza, na kwa sababu hiyo baba hakuniita kwa jina. Aliniita "mama". Nyumba ya bibi ilikuwa katikati ya migomba na kahawa, na ng'ombe mmoja alifungwa ndani, upande wa pili wa jiko, tukimsikia akitafuna usiku kucha. Bibi aliamka giza likiwepo. Alikata majani, akateka maji kwenye mfereji, akapika, akapalilia, akarudi kukata majani tena. Sikuwahi kumwona mtu mzima amelala mchana. Kwa Kilema ya wakati ule, mwenye kulala mchana alikuwa mgonjwa, tena mgonjwa wa kweli. Majirani walileta mtori wa ndizi katika sufuria iliyofunikwa, wakasimama uani, wakaongea kwa sauti ya chini. Haikuwa adabu kuuliza anaumwa nini. Uliuliza tu, "Ameamkaje?" ukajibiwa, "Hajambo kidogo," ukaenda zako.

Baba alikuwa mtoto wa kiume wa mwisho, na kwetu huyo ndiye hubaki na nyumba ya mama yake na kihamba, shamba la migomba na kahawa linaloizunguka. Kaka zake walikuwa wameshapata sehemu zao. Yeye alitakiwa abaki pale, amtunze bibi hadi mwisho, na siku ya mwisho ikifika awe karibu na kitanda. Mama anayekufa hamuagi mtoto huyo kwa maneno tu. Humtemea mate kidogo kifuani, na hiyo ndiyo baraka atakayoishi nayo. Lakini kahawa ya eneo dogo haikutosha, na baba akashuka tambarare kufanya kazi katika kiwanda cha sukari. Alimwambia bibi anakwenda kwa msimu mmoja. Ukaja wa pili, na wa tatu. Akamchukua mama, wakapewa chumba kambini, akazaliwa mdogo wangu Deo. Mimi nikabaki na bibi. Kule kambini majirani walimwita mama "Mama Deo" kwa sababu hawakujua kwamba alikuwa na mtoto mwingine mlimani.

Kisha nikaja kuchukuliwa. Mama alipanda mwenyewe na Deo mgongoni, akamwambia bibi kwamba natakiwa kuanza shule. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Bibi alinifungia ndizi mbivu kwenye jani, akanisindikiza hadi barabarani, akasema, "Kawatunze." Nilidhani ananiambia nimtunze Deo.

Joto la kule chini lilinipiga usoni kama mvuke wa sufuria. Hewa ilinuka sukari iliyoungua, na kutoka mashamba yaliyochomwa moto kabla ya kukatwa yalianguka majivu marefu meusi, kama nyuzi, yakatua kwenye nguo zilizoanikwa na kwenye kichwa cha Deo. Nyumba zilipangwa kwa mistari, chumba kimegusana na chumba, mabati juu. Mlima ulionekana asubuhi tu. Ikifika saa tatu mawingu yalishaufunika, na nilishindwa kuonyesha hata kwa kidole nilikotoka.

Tulifika mchana. Mama aliniwekea kidole mdomoni, akafungua mlango polepole. Ndani palikuwa na giza. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa kaniki nyeusi, na kitandani alilala mtu amefunika macho kwa kitambaa, kifua wazi, jasho linamtiririka. Alikuwa baba. Nikajua kwa nini nimeletwa. Nimeletwa kumuaga. Nililia bila sauti pembeni ya mlango, jinsi nilivyoona wanawake wanavyolia kwa mgonjwa ambaye bado anasikia. Saa kumi baba akaamka, akanawa uso, akaniona, akacheka. "Mama umefika," akasema. "Mbona macho mekundu?"

Walinieleza. Baba alikuwa anafanya kazi saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Wengine walipokezana, wiki hii usiku na wiki nyingine mchana, lakini msimamizi alimpanga baba usiku wiki baada ya wiki kwa sababu hakujua kukataa. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye mkanda unaopeleka miwa kwenye vinu, na kuivuta kwa ndoano ikijazana. Nilisikiliza yote hayo na kichwa changu kikayapanga kivyake. Nilielewa kwamba kiwanda kinachukua usingizi wa watu usiku na kuusaga pamoja na miwa, na kwamba baba anarudishiwa kidogo tu asubuhi, kama makapi. Hicho kidogo kikimwagika, hakizoleki. Nilikaa na imani hiyo mwaka mzima, wala sikumwambia mtu.

Kusema kweli baba hakuwahi kuuzoea usiku. Alijaribu kila kitu. Alitandaza magunia yaliyoloweshwa juu ya bati, yakakauka kabla hajapitiwa na usingizi. Alitia pamba masikioni. Alikula ugali na maharage saa moja asubuhi kama chakula cha jioni, akanywa chai na kiporo jua likizama. Mama alihamishia jiko lake kwa jirani, Mama Nyamizi, ili sufuria zisigongane mlangoni kwetu. Jogoo wetu alichinjwa kwa kosa la kuwika saa tano. Siku yake ya mapumziko ilikuwa mbaya kuliko zote, kwani usiku hakulala hata kidogo. Tulimsikia akizunguka nyumba, akihesabu nguzo za uzio, na Jumapili kanisani alilala kwenye mahubiri na kidevu kifuani, mama akimfinya mkono.

Mama Nyamizi alikuwa ametokea Tabora na mume mkata miwa, mwanamke mnene mwenye ulimi usiopumzika. "Mama Deo," alimwambia mama siku moja kwa mnong'ono ambao ungesikika barabarani, "hapa kwenu Ijumaa Kuu haiishi?"

"Ngoja mumeo ahamishiwe kiwandani," mama alimjibu, "tutaona nani atanong'ona."

"Wangu? Huyo alale mchana alale usiku, hata nimpigie ngoma haamki. Mtoeni huyo wa kwenu nimfundishe."

Mama alicheka, lakini kwa kifupi. Kulikuwa na jambo ambalo Mama Nyamizi hakulijua. Kabla sijaja, baba alisinzia amesimama. Miwa ikajazana, vinu vikasimama, na asubuhi akapewa barua. Mama, aliyesoma hadi darasa la nne, alinisomea siku moja ili nijue. Barua ilisema akikutwa amelala mara nyingine, ataachishwa kazi. Chumba kilikuwa cha kiwanda, kwa hiyo kazi ikiisha na chumba kimeisha. Na palikuwa na mzee mmoja aliyepita kambini kila asubuhi na shati lake lililofungwa fundo mahali pa mkono wa kulia. Alikuwa amefanya kazi kwenye mkanda ule ule. Mama hakunieleza zaidi. Alinionyesha tu yule mzee, akanitazama mimi, na ikatosha.

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Nilitoka shule saa tano, kwa kuwa darasa la kwanza tulisoma asubuhi tu. Mama alinikabidhi mlango, akambeba Deo asilie karibu na nyumba, akaenda kwenye kishamba chetu cha mahindi kando ya mfereji wa miwa. Nilikaa kwenye kigoda mbele ya mlango mpaka saa kumi. Watoto wakipita na tairi, niliinuka na kuwazuia kwa mikono miwili. Mbuzi akikaribia nilimrushia vumbi, siyo jiwe, kwani jiwe lingeweza kugonga bati. Nilijifunza kupiga chafya ndani ya gauni. Nilijifunza kubana mkojo, maana choo kilikuwa mwisho wa mstari na niliogopa kuuacha mlango. Nyamizi, binti wa jirani, alikuja kukaa nami siku za kwanza, tukacheza mdako bila kuhesabu kwa sauti, lakini mchezo usiokuwa na kelele humchosha mtoto, akaacha kuja. Nilimwona kwa mbali kwenye mfereji na wenzake, midomo yao ikifunguka na kufungika, maji yakiruka.

Niseme na hili. Nilimchukia baba. Nilimpenda alipoamka, lakini alipokuwa amelala nilimchukia, na nilipomsikia anajigeuza kitandani na kuguna nilijua bado hajalala, na kwamba saa zote zile nilizokaa zilikuwa za bure. Wakati mwingine nilitamani kupiga kelele moja tu ndefu kisha nikimbie mpaka Kilema. Sikuijua njia. Mchana hata mlima wenyewe haukuonekana.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa Ijumaa. Jua lilikuwa utosini na kivuli cha paa kilikuwa kimebaki upana wa kigoda changu. Nilimwona mzee anakuja kati ya mistari ya nyumba, koti zito la baridi mwilini, viatu vyekundu kwa udongo wa kwetu. Kabla sijauona uso nikajua ni mtu wa mlimani, kwa kuwa hakuna mwingine ambaye angevaa koti lile katika joto lile. Alikuwa Mzee Felisi, jirani yake bibi, aliyekuwa akija kuazima panga na kulirudisha baada ya mwezi.

"Hodi hapa," akasema kwa sauti ya kwao, ya kuita mtu aliyeko mwisho wa kihamba.

Nikarukia mbele yake, kidole mdomoni. Akasimama. Nikamwamkia kwa mnong'ono, "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Baba yako yuko wapi?"

"Amelala."

"Amelala." Akatazama jua. Akatazama dirisha lenye kaniki nyeusi, akatazama miguu yangu isiyokuwa na viatu na viatu vya baba vilivyowekwa nje ya mlango. Akavua kofia yake. "Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Na jana?"

"Jana pia alilala. Analala kila siku."

Sasa naye alinong'ona. "Mama yako yuko wapi?"

"Ameenda shambani. Mimi ndiye namlinda."

Alichuchumaa mbele yangu, uso wake ukawa karibu na wangu. Nakumbuka harufu ya moshi wa jiko kwenye lile koti, harufu ya nyumbani, na nilitaka kumshika. Alisema, "Bibi yako ana hamu ya kumwona baba yako. Amenituma niseme aje leo. Nimepanga kurudi na gari la saa nane, tungepanda pamoja."

Hakusema kwamba bibi anakufa. Kwetu neno kama hilo hapewi mtoto, wala halisemwi mtu akiwa amesimama mlangoni. Lilipaswa kusubiri mtu mzima na kiti. Ana hamu ya kumwona, ndivyo alivyosema, nami niliwaza kwamba hata mimi nina hamu ya kumwona bibi na hakuna anayenipeleka.

"Mama amekataza asiamshwe," nikamwambia.

"Akiamshwa inakuwaje?"

Nikafikiria yule mzee wa kambini asiye na mkono. "Atakufa," nikasema.

Ndani, kitanda kililia mara moja. Tukatazama mlango wote wawili, na hakuna aliyetoka. Akaniwekea mkono kichwani, mkono mzito, akauacha pale. "Basi asiamshwe," akasema. "Akiamka mwenyewe, mwambie nilikuja. Kama hawezi, mama yako atajua la kufanya." Akatoa parachichi mbili mfukoni mwa koti, akaniwekea kwenye mapaja, akaondoka akikanyaga polepole mpaka alipofika barabarani. Nilijivunia. Nilikuwa nimemzuia mtu mzima.

Baba aliamka kama kawaida saa kumi. Nikampa maji ya kunawa. Nikamwambia Mzee Felisi amekuja na kwamba bibi ana hamu ya kumwona, aende leo.

Alishusha kata. "Amekuja saa ngapi?"

Sijui aliniangalia vipi, lakini hapo ndipo nilipohisi kwamba nimekosea, bila kujua nimekosea nini. Nikasema, "Sasa hivi. Ameondoka sasa hivi."

Akatoka nje, akatazama barabara pande zote mbili. Gari la mwisho la kupanda Kilema liliondoka Moshi mjini saa kumi, na kutoka kambini hadi mjini ni mwendo. Alisimama pale akiwa amefunga taulo kiunoni, maji yakimdondoka. Kisha akasema, "Kesho ni mapumziko. Tutapanda wote asubuhi nikitoka kazini."

Jioni Mama Nyamizi alimuuliza mama, wakikoroga sufuria moja, habari za mgeni wa mchana, yule mzee wa koti. Mama akaja nyuma ya nyumba nilikokuwa naosha vyombo. "Alikuja saa ngapi?"

"Saa sita."

Akakaa chini kwenye majani. Deo alikuwa anamvuta sikio, hakumzuia. Nikamuuliza kama tumwambie baba. "Gari limeshaondoka," akasema. "Ukimwambia neno hilo sasa atafanya nini nalo? Ataenda nalo kwenye mkanda. Nyamaza." Saa nne baba alikuwa kazini, na mimi nilikaa macho na mama, tukisikiliza vinu.

Asubuhi tulipanda. Baba hakulala, alitoka kiwandani akaoga, tukatoka. Kwenye basi alishika chuma cha kiti cha mbele, macho wazi, mekundu, na kila tulipopanda hewa ikawa baridi zaidi na mimi nikazidi kufurahi, kwa kuwa nilikuwa narudi nyumbani. Tuliposhuka barabarani tukawaona watu. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye magogo nje ya kihamba cha bibi, na moshi ulikuwa mwingi kuliko wa jiko moja. Mama akaanza kulia kabla hatujafika. Bibi alikuwa amefariki usiku ule, jogoo wa kwanza akiwika.

Watu waliinuka. Ila hawakumtazama baba kama wanavyomtazama mfiwa. Walimtazama kama mtu waliyekwisha kumlilia. Mzee Felisi alikuja mbele, akamshika mabega, akamshika mikono, akamgeuza kidogo kama mtu anayekagua ndama.

"Kumbe unatembea," akasema.

"Kwa nini nisitembee, mzee?"

"Nilifika kwako jana saa sita. Nyumba ina nguo nyeusi, viatu viko nje, mtoto analinda mlango. Akaniambia ukiamshwa utakufa. Nikarudi." Sauti yake ilipungua. "Nikamwambia mama yako kwamba hujiwezi."

Mzee Felisi akaendelea, kwa sababu alikuwa ameanza na hakuwa na pa kusimama. Alisema kaka yake baba alitaka kutuma mtu mwingine, bibi akakataa, akasema anayeumwa asisumbuliwe. Halafu akaomba ageuziwe kichwa kuelekea bondeni, upande wa tambarare, mahali ambapo hakuwahi kufika maishani. Akatema mate upande huo, kidogo, mara moja tu, mdomo ulikuwa umekauka. Hakusema tena.

Nilikuwa nimeshika gauni la mama. Baba alinitazama. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Kisha watu wakamchukua, wakampeleka ndani.

Tulimzika bibi Jumamosi ile ile jioni. Usiku, baba kama mtoto wa mwisho alitakiwa alale ndani ya nyumba ya mama yake, na watoto tukalazwa humo humo juu ya majani ya migomba makavu, ng'ombe akitafuna karibu yetu. Watu walilala kwa uchovu. Mimi sikulala. Nilimwona baba ameinuka, akaenda kukaa kizingitini. Mwili wake haukujua kwamba kuna msiba, ulijua tu kwamba saa ya kazi imefika. Nikaenda, nikasimama nyuma yake.

"Hujalala, mama?"

"Sijalala."

"Kaa."

Nikakaa. Kulikuwa na baridi, na kule chini kabisa, mbali, zilionekana taa za kiwanda. Sikujua kama zinaonekana kutoka kwa bibi. Nikamwambia, "Baba, nilikudanganya. Alikuja saa sita."

"Najua."

"Mzee Felisi amesema."

"Nilijua kabla hajasema." Alijifuta uso kwa viganja viwili, kama alivyofanya kila anapoamka. "Nilimsikia akibisha hodi. Nilidhani naota. Niliona niko hapa na yeye amekuja kuazima panga, na mama yangu anamjibu kutoka upande wa ng'ombe. Sikutaka kuamka. Halafu nikaamka kweli, nikasikia viatu vyake vinaondoka. Ningeweza kumwita. Nikasema nitamwita. Nikalala."

Nilisubiri aseme kwamba siyo kosa langu. Hakusema, na sasa ambapo mimi mwenyewe ni mtu mzima nimeelewa kwamba alikuwa hana nafasi ya kosa la mtu mwingine. Tulikaa hivyo mpaka kukapambazuka.

Jumapili jioni tulishuka. Msiba ulitaka akae siku zaidi, na kaka zake walimsema kwa uchungu, lakini zamu ya Jumapili ilikuwa yake. Kabla hajaondoka kwenda kazini aliniambia, mama akisikia, "Kesho ukitoka shule nenda ukacheze na wenzako. Mlango ujilinde."

Siku iliyofuata nilitoka shule saa tano. Viatu vya baba vilikuwa nje. Mama alikuwa ameshaenda shambani na Deo. Nyamizi alikuwa ananisubiri mwisho wa mstari wa nyumba, na kwa kuwa na yeye alikuwa amezoea, aliniita kwa mkono tu, bila sauti. Nikamtikisia kichwa kwamba siji. Nikavuta kigoda mpaka mlangoni, nikakinyanyua kidogo kisikwaruze, nikakaa.